Mbwa Aliyepewa Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika na muhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, kale ya bibi yake bibi yangu, kuku walifuga mbwa.

Mwanaidi, usicheke. Leo mbwa anafugwa na watu, na hakuna anayecheka. Zamani hizo alifugwa na kuku, na hakuna aliyecheka. Kila zama na mambo yake.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Mavumbini. Nyumba ya kwanza, ukiingia kijijini, ilikuwa ya Jogoo na mkewe Mtetea. Na mbwa wao aliitwa Karafuu. Jina hilo walimpa siku ya kwanza, kabla hawajamkaribia wakamnusa.

Huyu Karafuu, Mtetea alimwokota njia panda. Wenyewe wa mwanzo walimwambia, "Kaa hapa, tunakuja sasa hivi." Wakaenda zao. Karafuu akakaa. Mvua ikaja, ikapita. Jua likaja, likapita. Yeye amekaa tu, anaingoja sasa hivi. Mpaka Mtetea akapita na kapu lake, akamwuliza, "Mwanangu, unamngoja nani?"

"Wenyewe," akasema Karafuu.

Mtetea akamtazama. Akaziona mbavu zote, moja moja. Akasema, "Basi wamekuja. Inuka twende nyumbani."

Tangu siku hiyo Karafuu alilala kizingitini, kichwa ndani, mkia nje. Kicheche, yule mla kuku, alipopita njia ile alipita kwa adabu, na salamu akatoa. Karafuu hakuogopa kicheche. Hakuogopa chui. Hakuogopa radi. Aliogopa kitu kimoja tu, kuachwa.

Basi mwaka mmoja Jogoo aliamka koo limekauka. Akawika, ikatoka sauti ya mlango mbovu. Kwiiiii. Mtetea akasema, "Baba, umechoka. Miaka yote hii unaamsha kijiji kizima, na hajatokea hata mmoja wa kukuambia asante. Twende kwa shemeji Kanga tukapunge upepo."

"Na Karafuu?" akauliza Jogoo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shemeji Kanga alikaa juu ya mkuyu. Wageni wake walilala mtini. Na mbwa, umfundishe usimfundishe, hapandi mti.

Jogoo akaenda kwa jirani yao Kobe, akapiga hodi. Sasa tegeni masikio, nawaeleza mila ya Mavumbini, maana bila mila hiyo hadithi yenyewe haipo. Mavumbini mtu hakumwambia jirani yake "siwezi." Ilikuwa mwiko. Ukiombwa kitu unasema "hamna neno," kisha unaingia ndani unalia.

"Bwana Kobe," akasema Jogoo, "tunasafiri. Tunaomba utushikie Karafuu mpaka turudi. Ni amana yetu."

Moyo wa Kobe ukasema, mimi na mbwa wapi na wapi. Mdomo wa Kobe ukasema, "Hamna neno, jirani. Mlete."

Asubuhi ya safari Mtetea akampeleka Karafuu mwenyewe, akaeleza mambo yake. "Anakula chochote. Anapenda kukunwa nyuma ya sikio la kushoto. La kulia usiliguse, lina historia." Kisha akainama, akamwambia Karafuu, "Tutarudi kabla ya mvua." Hakusema sasa hivi. Neno hilo nyumbani kwao halikutamkwa.

Karafuu akatikisa mkia kidogo, kwa heshima. Akasimama, akawaangalia mpaka vishungi vyao vikazama bondeni.

Sasa Kobe hakujua kutunza mbwa. Alichojua ni kupokea mgeni. Basi akampokea Karafuu kama mgeni. Akaleta maji ya kunawa miguu. Miguu ikawa minne, mtungi ukaisha. Akapika, akapakua, akakaribisha. Ikaja habari ya kitanda. Mgeni hulala kitanda bora cha nyumba, na kwa Kobe kitanda bora ni lile gamba lake. Kobe akajaribu kulivua. Likakataa. Mkewe akamshika mguu, yeye akashika nguzo, wakavutana mpaka jasho likawatoka. Gamba likakataa. Mwishowe wakaona mgeni aingize pua tu, sehemu iliyobaki ilale nje.

Karafuu akaingiza pua. Akalala. Akakoroma. Fooo, fooo, ndani ya gamba. Kobe alikodoa macho mpaka kukapambazuka.

Na kupambazuka kwenyewe kulikuwa kwa mashaka. Watu husema, jogoo awike asiwike kutakucha. Ni kweli, kulikucha. Ila hakuna aliyeamka. Jua lilifika utosini, Mavumbini wote wamelala, anapiga miayo Kobe peke yake.

Siku ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili ikapita hivyo. Na wahenga walisemaje? Mgeni siku mbili...

Semeni, watu wazima huko nyuma, msijifanye mmesahau.

...siku ya tatu mpe jembe.

Eeh. Siku ya tatu Kobe akatoa jembe lake, jembe la pekee nyumbani, mpini umelainika kwa miaka mingi ya kushikwa. Akampa Karafuu. Akasema, kwa sauti ya kufundisha, "Chukua, mwanangu. Hapa kwetu mwenye jembe hazururi. Mvua zikikaribia, mwenye jembe utamkuta kwake."

Karafuu akalitazama lile jembe. Akainusa ile kauli. Kumbe! Baba na Mama hawana jembe. Kuku wamechakura kwa miguu tangu dunia iumbwe. Ndiyo maana waliweza kuondoka. Wangekuwa na jembe, wangekaa nyumbani. Halafu, mkono mtupu haulambwi. Safari hii atawapokea na kitu.

Akalibeba jembe kwa meno. Akakimbia mpaka nyumbani, mlangoni kwa Jogoo. Akachimba. Para, para, para. Akalitumbukiza. Tumbu. Akafukia. Pa, pa, pa. Akarudi kwa Kobe na udongo puani.

"Umelima, mwanangu?" akauliza Kobe.

"Nimelima."

"Na jembe?"

"Liko salama," akasema Karafuu, akatikisa mkia.

Mgeni humnyang'anyi ulichomtia mkononi, ni aibu. Na kumwuliza mara mbili ni kumwita mwizi. Kobe akakohoa, akasema, "Karafuu mwanangu, jirani yetu Punda anakuulizia tangu jana. Hebu nenda ukamsalimie. Nenda na mkeka."

Punda hakuwa amemwulizia mtu. Alikuwa amelala, si jogoo hayupo. Akafungua mlango, akamwona mbwa na mkeka. Moyo wake ukasema, balaa. Mdomo wake ukasema, "Hamna neno. Karibu ndani."

Kwa Punda, chakula cha heshima ni nyasi za mtoni, zile laini. Karafuu alilelewa vizuri. Alizila. Alizila siku mbili, na baina ya tonge na tonge alikohoa uani, taratibu, asimkwaze mwenyeji. Siku ya tatu Punda akatoa jembe. Karafuu akalibeba. Para, para, para. Tumbu. Pa, pa, pa.

"Na jembe?"

"Liko salama."

Punda naye akaona haya. Je, alikwenda kumwambia mwenzake Nyani, jihadhari, huyu mgeni anameza majembe? Thubutu. Aseme kwamba yeye Punda, na masikio yote yale, amezidiwa akili na mbwa wa kuku? Akasema tu, "Nyani anakuulizia."

Nyani akasema hamna neno. Na kwa Nyani mgeni hukalishwa juu. Wakamfunga Karafuu kamba tumboni, wakamvuta, wakamweka kwenye tawi. Niliwaambia mbwa hapandi mti. Sikusema hapandishwi. Akakaa pale siku mbili, amekumbatia tawi, hapumui wala hasemi. Siku ya tatu wakamshusha, yeye na jembe. Para, para, para. Tumbu. Pa, pa, pa.

Zikabaki nyumba ngapi? Moja. Ya nani? Ya Fisi.

Kwa Fisi hajawahi kufika mgeni, na nyinyi mnajua kwa nini. Karafuu alipopiga hodi, Fisi alidhani ni upepo. Hodi ya pili, akadhani ni deni. Hodi ya tatu, akafungua, akakaa chini kwa mshangao. "Umekuja kwangu mimi? Una hakika hujapotea?"

"Nyani amesema unaniulizia."

"Nyani hasemi nami," akasema Fisi. "Lakini ingia. Nina mfupa mmoja. Tutaulamba kwa zamu."

Wakaulamba kwa zamu. Wakacheka. Fisi hakuwa na kitanda, walilala chini wote wawili, nyumba haina paa, Fisi ataezeka kesho. Kesho ya Fisi mnaijua. Na Fisi, bila kuambiwa na mtu, alimkuna Karafuu nyuma ya sikio la kushoto.

Siku ya tatu Fisi akakumbuka kwamba marehemu mama yake alikuwa na neno juu ya wageni na jembe. Akaingia pembeni, akalitoa jembe. Jembe jipya, halijawahi kugusa udongo, buibui amezaa humo mara mbili. Akampa Karafuu. Para, para, para. Tumbu. Pa, pa, pa.

Fisi hakuuliza liko wapi. Alisema, "Afadhali. Lilikuwa linanitazama."

Jioni hiyo hiyo mvua ikaanza. Ti. Ti. Ti-ti-ti. Shaaaaa. Nyumba haina paa. Fisi akatoka mbio kutafuta upenu wa watu ajibanze, na katika zile mbio akamsahau mgeni wake. Karafuu akabaki peke yake kati ya kuta nne zinazovuja juu. Akangoja kidogo. Akainuka. Akarudi nyumbani, mlangoni kwa Jogoo, akajilaza juu ya udongo pale alipofukia majembe.

Mlango umefungwa. Ndani kimya. Mvua inanyesha. Na wao walisema, kabla ya mvua.

Kulipokucha, safari hii wote waliamka, maana mvua ya kwanza haihitaji jogoo. Kobe akaenda kwa Punda. "Jirani, niazime jembe."

"Langu liko kwa fundi," akasema Punda. "Hata mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Langu mimi nimelipumzisha."

Wakaenda wote wawili kwa Nyani. Nyani akasema lake lina homa. Wakatazamana. Mvua inanyesha, mashamba yanangoja, na mvua ya kupandia ikipita, imepita. Watoto watakula nini? Ikabidi wafanye jambo ambalo Mavumbini halijawahi kufanyika. Wakaenda kuazima jembe kwa Fisi.

Walimkuta chini ya upenu wa ghala, amelowa. Fisi hakufundishwa mila, hakuna aliyemkaribia vya kutosha. Akajibu tu, "Sina. Nilimpa mbwa."

"Hata wewe?" akasema Kobe.

Neno limeshatoka. Hata! Punda akamgeukia Kobe. Nyani akamgeukia Punda. Mvua ikanyesha juu ya vichwa vyao, na kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama chini.

Wakaenda kwa Jogoo, wote wanne. Wakamkuta Karafuu amelala juu ya kifusi, maji yanamchuruzika puani.

"Hujambo, mwanangu?" akaanza Kobe. "Habari za asubuhi? Habari za mvua? Ulipolala hapo, huoni kama pana unyevu?"

"Ngrrrr," akasema Karafuu.

"Tulikuwa tunapita tu," akasema Punda. "Hatuna shida yoyote. Ila ukitaka kunyoosha miguu, sisi tutakushikia mahali."

"Ngrrrr. Vya Baba na Mama."

Kobe akasogea. Akalainisha sauti. "Karafuu, mwanangu. Baba na Mama hawajarudi."

"Walisema watarudi kabla ya mvua," akasema Karafuu. "Hawajarudi. Kwa hiyo hii si mvua. Huu ni umande."

Shaaaaa, ukanyesha ule umande. Radi ikapiga. Nyani alitaka kucheka, akashindwa. Fisi akaenda akajilaza kando ya Karafuu. Wenzake wakasimama pale wanalowa, hawajui la kufanya, kwa sababu maneno yote waliyokuwa nayo yalikuwa ya adabu.

Siku nzima wakasimama hivyo. Alasiri, kutoka bondeni, yakaonekana matambara mawili yanatembea. Jogoo na Mtetea. Wamelowa, manyoya yameganda, miguu imejaa matope mpaka magotini. Kishungi cha Jogoo kimelala upande.

Karafuu hakukimbia kuwalaki. Alisimama. Akatetemeka kuanzia pua mpaka mkia. Alikuwa anaogopa kuamini, maskini. Mtetea ndiye aliyekimbia, mabawa wazi, akamkumbatia shingoni, na hapo Karafuu akalia. Auuuu. Alilia kilio cha njia panda, kilichokaa ndani miaka yote ile.

"Nani alikuwa anamtunza?" akauliza Jogoo.

"Mimi," akasema Kobe. "Mimi," akasema Punda. "Mimi," akasema Nyani.

"Na leo anayemtunza ni nani?"

Wakamtazama Fisi, na Fisi akajitazama, akashangaa.

"Mama," akasema Karafuu, "msiondoke tena. Nimewapatia majembe. Manne. Mwenye jembe hukaa nyumbani."

Jogoo akacheka kicheko kibaya, cha koo bovu. "Jembe? Mwanangu, unajua kwa nini tumechelewa? Shemeji Kanga alitupokea vizuri siku mbili. Chakula, vinywaji, tawi bora. Siku ya tatu akatupa jembe. Tukashindwa kumwambia hatuwezi. Tukasema hamna neno. Sisi, kuku, tumelima konde lote la shemeji, mimi napiga, huyu anasukuma. Jembe ndilo lililotuweka huko."

Karafuu akamtazama Jogoo. Akakitazama kifusi. Akageuka, akachimba kwa hasira. Para, para, para. Akalitoa jembe la Kobe, akalitupa miguuni pake. "Chukua." Para, para. La Punda. "Chukua." Para, para. La Nyani. "Chukua na kamba yako nimeizika humo."

Wakayaokota. Kobe akasema, "Jirani, usitufikirie vibaya. Ni mila. Mgeni siku mbili..."

"Nani alikuambia ni mgeni?" akauliza Mtetea. Hakupaza sauti. "Tulikuambia ni amana. Mgeni hupewa jembe. Amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Na kama ilikushinda, Bwana Kobe, ungesema. Tungempeleka kwa Fisi tangu mwanzo."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatoka humo, ndogo. "Ilinishinda, Bi Mtetea. Tangu usiku wa kwanza. Nilishindwa kusema." Ilikuwa mara ya kwanza neno la namna hiyo kusikika Mavumbini. Na mbingu haikuanguka. Punda naye akasema, "Mimi pia." Wakajisikia wepesi, wakaenda kulima.

Fisi akaulizwa, "Na jembe lako je?" Akasema, "Tafadhali, liacheni lililopo."

Basi Karafuu akamwuliza Mtetea, "Mama, mtakwenda tena?" Jogoo akafungua mdomo aseme hapana, kamwe. Alikuwa tayari kusema "hamna neno" kwa mara nyingine. Mtetea akamkanyaga mguu.

"Tutakwenda," akasema Mtetea. "Baba yako koo lake bado. Lakini tutakwenda na wewe, na tutalala chini. Shemeji asipopenda, nitamwambia siwezi kulala mtini. Nimeshajifunza kulisema."

Karafuu akafikiri. Akalikubali. Akarudi kizingitini, kichwa ndani, mkia nje, akalala mpaka mkia ukalowa wote, na hakujali.

Ndiyo maana mpaka leo kuku wanachakura mlangoni asubuhi na jioni. Wanalitafuta lile jembe la Fisi, waone kama bado lipo. Wakidhani wameliona, wanaruka nyuma.

Na fundisho ni hili, sichimbi mbali. Ukipewa amana, itunze kama amana. Ikikushinda, sema imekushinda. Neno "siwezi" halijaua mtu. Hilo "hamna neno" lilibakisha kidogo limuue mbwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Jogoo. Anayeondoka amruke Karafuu taratibu, asimkanyage mkia.